Falsafa au Sheria? Msomeshe kwanza kesi ya shamba la Muleba

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hupata kazi. Katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyesoma falsafa chuo kikuu, na mtu niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka mitatu alikuwa anasoma sheria. Leo ni wakili na bado tunabishana. Kwa hiyo ndugu wamejipa uhakika kwamba nikiulizwa kuhusu hizi fani mbili nitasema ukweli wa pande zote.

Safari hii aliyepiga ni binamu yangu wa Pangani. Kamaliza HGE (historia, jiografia na uchumi), na pointi zake zinamruhusu kujaza yoyote kati ya hizo mbili. "Kaka, nisome falsafa au sheria?" Sijajibu, nikamsikia mjomba nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba nasikia: "Falsafa? Sisi tangu lini tukasomea upadri?"

Mjomba hakukosea sana. Kwa miaka mingi Tanzania, ukikutana na mtu anayesema anasoma falsafa, huyo alikuwa mseminari. Ndivyo mafunzo ya upadri yalivyopangwa: kwanza falsafa, Kibosho au Ntungamo, kisha teolojia, Segerea au Kipalapala. Hata nilipofika chuo, darasani kwetu kulikuwa na masista na vijana kadhaa walioacha seminari njiani, nao walitupiga bao muhula wote wa kwanza kwa sababu majina ya Wagiriki walishayazoea. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya Falsafa na Maadili ambayo haimwulizi mtu anasali wapi. Na mjomba mwenyewe alisoma madrasa kwa ustadhi ambaye, wanafunzi wakishaiva kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, aliwaingiza kwenye mantiki. Nilipomkumbusha hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile ilikuwa elimu." Haya.

Shamba moja, macho mawili

Watu hulinganisha fani hizi kwa mshahara. Mshahara nitaufikia, lakini nianze na kinachofanyika darasani, kwa sababu huko ndiko utakakokuwa kwa miaka mitatu au minne, usiku na mchana. Nitumie kesi moja, inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini na ambayo kwetu falsafa ingetutosha muhula mzima.

Muleba, Kagera. Mwanamke wa Kihaya amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee unamwingia, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 analiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake, yaani kesho yake kabisa, tarehe 25, mtoto wa ndugu yake yuko Mahakama ya Mwanzo Kashasha anashitaki: kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo inamkubalia. Mahakama ya Wilaya inatengua. Shauri linapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya anatoa hukumu: Katiba sasa ina haki za binadamu zilizoingizwa mwaka 1984, inakataza ubaguzi, kwa hiyo mwanamke anaweza kuuza kama mwanaume anavyoweza. Mpwa akilitaka shamba ana miezi sita ya kulikomboa kwa kulipa hizo 300,000. Zikipita, ni la mnunuzi. Hiyo ndiyo *Ephrahim dhidi ya Pastory*.

Mwenzangu wa sheria aliisoma akiwa na kalamu mbili za rangi. Alitafuta: hoja iliyobishaniwa ni ipi, sheria iliyotumika ni ipi (zile kanuni za mila zilizoandikwa na kutangazwa mwaka 1963), Katiba imezigusa vipi, na ni sentensi zipi za jaji zinazobeba uamuzi na zipi ni maneno ya kupita tu. Halafu: hukumu ya Mahakama Kuu inamfunga nani? Hakimu wa chini, ndiyo. Mahakama ya Rufani, hapana. Akamaliza, akafunga daftari, akachukua kesi nyingine. Alikuwa na kumi na moja za wiki hiyo.

Mimi niliichukua kwenye meza yake na sikuirudisha kwa siku nne. Kilichonikwama ni hiki: jaji alitaka usawa, sawa. Lakini usawa ungepatikana pia kwa kumkataza mwanaume asiuze. Ardhi ya ukoo isiuzwe na yeyote, basi wote wako sawa. Kwa nini jaji alimpandisha mwanamke badala ya kumshusha mwanaume? Na ukoo ni nini hasa, ni watu walio hai tu, au na waliozikwa shambani, na ambao hawajazaliwa? Kama hao nao ni wenye shamba, nani anawasemea mahakamani? Na jaji, aliikuta haki mahali fulani akaitangaza, au aliitengeneza siku ile?

Nilipomuuliza mwenzangu, alinitazama kwa huruma. "Hayo mtihani hauulizi."

Ni kweli, hauulizi, na tofauti yenyewe imekaa hapo. Swali la kwanza la sheria ni nani kasema, na je, alikuwa na mamlaka ya kusema. Ukishaonyesha kifungu na kesi iliyotangulia, umejenga nyumba. Katika falsafa, ukisema "Aristotle kasema", mwalimu atakuuliza: na kama alikosea? Sheria lazima ifike mwisho, kwa sababu yule bibi wa Muleba anataka kujua leo kama hela ni zake. Falsafa haina mtu anayesubiri nje ya mlango. Kuna watu uhuru huo huwanenepesha, na kuna watu huwatesa mpaka wakahama kozi wiki ya tano. Nimewaona wa aina zote mbili.

Kusoma kwenyewe

Usidanganywe kwamba falsafa ni ya kupiga soga. Kurasa ni chache, hilo kweli. Tulipewa kurasa nane za Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, kwa wiki na bado zilitushinda. Mtu wa sheria hubeba madesa ya mia mbili na anajifunza kuyaruka: anajua pa kutua. Ukiruka katika falsafa umepotea, maana hoja iko katika neno "lakini" la mstari wa saba.

Mantiki ndiyo iliyowaangusha wengi. Chukua huu mfano, wa Dar es Salaam mtupu: *Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa. Leo Jangwani imefungwa. Kwa hiyo mvua kubwa imenyesha.* Darasa zima liliitikia kwamba hoja imesimama. Haijasimama. Jangwani inaweza kufungwa kwa msafara, kwa ajali, kwa ujenzi. Ukishaliona kosa hilo mara moja, utaliona kila mahali: kwenye hotuba za bungeni, kwenye mawaidha, kwenye ugomvi wa nyumbani ("angekuwa ananipenda angepiga simu, kapiga, basi ananipenda"). Wanasheria nao wanaihitaji mantiki kuliko mtu yeyote, lakini wao huiokota njiani. Sisi tulikalishwa tukafanyishwa mazoezi kama ya hesabu.

Halafu kuna falsafa ya Kiafrika, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa sababu ya kubaki. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika miaka ya 1950, alichukua ngeli za Kinyarwanda akasema humo ndimo Mbantu alimopanga vyote vilivyopo: *umuntu*, *ikintu*, *ahantu*, *ukuntu*, mtu, kitu, mahali, namna. Anayezungumza Kiswahili akisikia hivyo mara ya kwanza hugeuka na kuitazama lugha yake upya. John Mbiti wa Kenya, mwaka 1969, alitumia maneno yetu mawili, *sasa* na *zamani*, kudai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Siku hiyo darasa lilikaribia kupigana. Dada mmoja kutoka Newala aliuliza, "Na anayepanda mnazi, anampandia nani?" Mwalimu akaacha kufundisha, akakaa. Saa mbili zilipita kwa swali lile moja.

Sheria ina raha yake pia, nisiwe mchoyo. Mashindano ya kesi za kuigiza, suti za kuazima, na ile siku ya kwanza mwanafunzi anapokaa meza ya msaada wa kisheria, mama mwenye kitambulisho kilichochakaa anamwekea karatasi mbele na kumwambia "mwanangu nisomee". Kwetu hilo halikuwapo. Nilimwonea wivu mwenzangu siku hiyo.

Lugha ni kikwazo kimoja kwa wote wawili: mihadhara na mitihani ni Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya sheria na mahakama Tanzania ni Kiswahili, kwa hiyo unaweza kusoma mkataba kwa Kiingereza miaka minne kisha ukautetea kwa Kiswahili. Falsafa nayo inataka uandike insha ndefu zenye mabishano ndani yake. Kama Kiingereza chako ni cha kukariri, sheria itakuvumilia kidogo zaidi, kwa sababu ina fomula zake. Falsafa itakuumbua ukurasa wa kwanza.

Mlango wenye kufuli, na uwanja usio na mlango

Sasa hela.

Sheria ina njia inayoonekana. Shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miaka minne, kisha Shule ya Sheria ya Tanzania, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Bila kupita huko huwezi kuandikishwa kuwa wakili, na tangazo la kazi ya hakimu mkazi au wakili wa serikali linakuuliza cheti chake. Jirani zetu wana milango kama hiyo: Nairobi ni Kenya School of Law, Kampala ni Law Development Centre.

Mlango una kufuli. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yaliwashitua watu: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, walioondolewa 265. Kwa lugha ya chuo, ishirini na sita walipeta, mamia wakapata sapu, mamia wakadisko, tena baada ya miaka minne na shahada mkononi. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye mwenyewe ni mwanasheria na aliwahi kufundisha sheria chuo kikuu. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwa sababu kila mzazi anayemsukuma mtoto sheria humhesabia miaka minne, na hesabu yenyewe si minne. Ada ya mwaka wa tano, chumba cha Dar es Salaam, nauli ya kila siku, na miezi ya kungoja, viwekwe mezani tangu siku ya kujaza fomu.

Hata hivyo aliyekwama hapo bado ana shahada inayosomeka. Benki, kampuni, halmashauri, wote wanajua afisa sheria ni nani.

Falsafa haina kufuli, maana haina mlango. Si somo la sekondari Tanzania, kwa hiyo huwezi kwenda kuifundisha kidato cha tatu. Fungua matangazo ya ajira za serikali: utakuta "shahada ya Sheria", "shahada ya Sosholojia", "shahada ya Uchumi", halafu mwishoni "au sifa zinazofanana na hizo kutoka vyuo vinavyotambuliwa na Serikali". Miaka miwili ya kwanza mtaani niliishi ndani ya maneno hayo. Kwenye usaili mmoja, ofisi sitaitaja, mwenyekiti wa jopo alikigeuza cheti changu upande wa nyuma, kama mtu anayetafuta maelezo ya matumizi. Akaniuliza, "Sasa wewe, unafanya nini?"

Leo nina jibu, ila lilichelewa. Ninahariri fomu za ridhaa na ripoti za utafiti wa afya kwa Kiswahili. Mwezi uliopita fomu ya Kiingereza ilisema hatari ni ndogo. Iliyotafsiriwa ikasema *utafiti huu hauna madhara*. Sarufi safi kabisa, na ni uongo. Kisha ikamwambia mama aliyeleta mtoto kliniki kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Anaweza? Anayemwomba ridhaa amevaa koti jeupe, na ndiye atakayemtibu mwanawe kesho. Tulipendekeza ridhaa ichukuliwe na mtu asiyehusika na matibabu. Kazi ya namna hiyo ni falsafa ya maadili, hata kama kwenye mkataba wangu neno hilo halipo. Anayeipenda anaweza kuisogeza mbele: Muhimbili kuna shahada ya uzamili ya bioethiksi.

Lakini nieleze nilivyofika, nisije nikauza ndoto. Sikufika kwa falsafa peke yake. Nilifika kwa sababu nilikuwa natafsiri vizuri, ujuzi niliouanza mwaka wa pili kwa ajili ya kuongezea bumu, hela ya mkopo wa chuo, lisilofika mwisho wa mwezi. Wenzangu wa darasa waliosimama vizuri wote wana kitu cha pili: mmoja anaandika programu za kompyuta, mmoja alichukua stashahada ya ualimu akapata somo jingine, masista wanaendesha shule. Waliotoka na falsafa tupu wamehangaika.

Zinapokutana

Kuna wakati fani hizi hukaa chumba kimoja. Mwaka 1987 Nairobi, katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwa mapenzi yake yeye na mumewe; ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, kwao. Miongoni mwa waliopanda kizimbani kutoa ushahidi alikuwa Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafalsafa aliyekuwa akizunguka vijijini kuhoji wazee wenye hekima. Mahakama ilitaka kujua mila ya Wajaluo ni ipi na ina uzito gani, na mbele yake akasimama mtu aliyezoea kuuliza mila ni nini. Otieno alizikwa Nyalgunga. Ukisoma mabishano yale unaona mawakili wakigonga ukuta ambao vifungu havivuki, na unaona pia kwamba bila hakimu wa kukata shauri, maiti ingekuwa bado mochwari na maprofesa bado wanajadili.

Na si lazima uoe moja milele. Anton Wilhelm Amo, aliyechukuliwa mtoto kutoka Axim, Ghana ya leo, alianza na sheria Halle, Ujerumani. Mwaka 1729 alitetea hoja juu ya haki za watu weusi Ulaya, kisha akahamia falsafa na akaifundisha vyuoni humo. Unaweza kwenda njia hiyo au kuigeuza. Kuigeuza ni ghali: ukimaliza falsafa ukarudi kuanza sheria, miaka minne inaanza upya na umri hauanzi upya.

Ningemshauri nani nini

Kama wewe ndiye mtoto wa kwanza kufika chuo, na nyuma yako kuna wadogo watatu wanaosubiri uanze kutuma hela, jaza sheria, maadamu unaweza kukaa na kurasa mia mbili bila kulia. Sitaona haya kumwambia mtu hivyo ingawa nimesoma falsafa. Kama unataka sheria kwa sababu unapenda kubishana, ngoja kwanza: mawakili ninaowajua hushinda wakisoma mikataba na kukimbizana na tarehe, kubishana ni nusu saa kwa wiki. Kupenda kubishana kunaashiria falsafa zaidi, na hata huko utafundishwa kwanza kunyamaza uisikie hoja ya mwenzako ikiwa na nguvu zake zote.

Jaza falsafa kama tayari mkononi una kitu cha pili, lugha, kompyuta, uandishi, biashara ya familia, au uko tayari kukijenga kuanzia muhula wa kwanza bila kungoja mtu akukumbushe. Na uwe mtu ambaye swali likimkwama halali. Asiye hivyo ataiona ni maneno matupu, na kwake yatakuwa maneno matupu kweli.

Sikumpa binamu yangu hotuba hii yote. Nilimtumia hukumu ya Muleba, nikamwambia aisome mara mbili kisha anipigie na swali moja tu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: akiniuliza ile miezi sita inahesabiwa kuanzia lini, nitamwambia ajaze sheria. Akiniuliza kwa nini jaji hakuwakataza wanaume nao, ajaze falsafa.

Alipiga siku ya tatu, usiku, mjomba ameshalala.

"Kaka, hizo laki tatu za mwaka 1988, zilikuwa hela nyingi au bibi alipunjwa? Maana naona mahakama tatu zote hakuna aliyeuliza."

Nilikaa kimya. Kisha nikamwomba afungue mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ashuke mpaka kwenye uchumi, anisomee wanataka nini kwenye hesabu.